Barua ya Wazi kwa Bunge la Marekani: Rudisheni Kura ya Vita na Kibali cha Hakimu

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi na Maseneta,
Bunge la Marekani, Washington

Waheshimiwa,

Nianze na ninachokitaka. Naomba serikali yenu isianzishe wala kuendeleza vita bila kura yenu, na isipekue mawasiliano ya mtu bila kibali cha hakimu. Yote mawili yamo ndani ya Katiba yenu tayari. Mamlaka ya kutangaza vita mmepewa nyinyi katika Ibara ya Kwanza, kifungu cha 8. Kibali cha hakimu kimo katika Marekebisho ya Nne, yaliyoidhinishwa mwaka 1791. Sidai jambo jipya. Nadai mfanye kazi yenu wenyewe, ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini mmemwachia rais pamoja na idara zake za ulinzi na upelelezi.

Mimi si raia wenu na sina kura ya kuwapa wala kuwanyima. Nawaandikia kutoka Afrika Mashariki, eneo ambalo ndege zenu za kivita hushambulia bila nyinyi kuwahi kupiga kura ya kuziruhusu kwa kulitaja, na ambalo barua pepe za watu wake hupita kwenye mitambo ya kampuni za kwenu. Anayeishi chini ya uamuzi ana haki ya kumwuliza aliyeutoa, hata kama hana uwezo wa kumwondoa madarakani.

Wala siandiki kama mtu asiyejua ugaidi. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi zenu za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa karibu kwa wakati mmoja. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa watu wa huku, waliokuwa kazini, njiani au kwenye foleni. Pale Nairobi, wengi walisikia kwanza kishindo cha guruneti, wakasogea kwenye madirisha ya ofisi zao kuchungulia kulikoni. Ndipo bomu lenyewe likalipuka, vioo vikawaingia machoni. Wapo waliopofuka siku ile na wanaishi na giza hilo mpaka leo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Baada ya hapo tumezika watu 67 wa Westgate mwaka 2013, na 148 wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015. Anayedhani kwamba mtu hupinga vita kwa kuwa hajaonja ugaidi, huku kwetu amebisha hodi nyumba isiyo yake.

Nataka mkumbuke mlichofanya baada ya balozi zile kulipuliwa, maana mlichukua njia mbili kwa wakati mmoja.

Siku 13 baadaye Rais Clinton aliamuru makombora yarushwe Afghanistan na Sudan. Yale ya Sudan yalibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa, Khartoum Kaskazini, kwa madai kwamba kilihusika na kemikali za silaha na kwamba kilikuwa na uhusiano na Osama bin Laden. Madai hayo hayakuwahi kuthibitishwa hadharani. Kilichojulikana ni kwamba pale palitengenezwa dawa za binadamu na za mifugo, katika nchi maskini iliyokuwa tayari na vita vyake. Al Qaeda, kundi la bin Laden lililolipua balozi zile, halikupungukiwa na kitu. Miaka mitatu baadaye iliwapiga New York na Washington.

Njia ya pili ilikuwa ya polepole. Wapelelezi wenu walishirikiana na polisi wa Kenya na Tanzania. Wakakusanya mabaki ya magari, wakahoji watu, wakafuata nyayo za washukiwa kutoka nchi hadi nchi. Mwanzoni mwa mwaka 2001 wanaume wanne walipandishwa kizimbani katika mahakama ya shirikisho ya Manhattan, kila mmoja akiwa na mawakili wake. Majeruhi kutoka huku walisafiri hadi New York, wakasimama mbele ya juri wakaeleza kilichowapata, na mawakili wa upande wa pili wakapewa nafasi ya kuwahoji. Tarehe 29 Mei 2001 wote wanne walitiwa hatiani, na mwaka huohuo wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mmoja wao alikuwa Mtanzania. Yote hayo yalifanyika kwa sheria mlizokuwa nazo kabla ya Septemba 2001. Hukumu ile haikuzaa yatima wapya, na haikumpa mtu yeyote sababu ya kujiunga na Al Qaeda. Kwa watu wa Nairobi na Dar es Salaam hiyo ndiyo haki pekee iliyowafikia kutoka Washington, nayo ililetwa na mahakama.

Kisha ikaja tarehe 14 Septemba 2001. Siku tatu baada ya mashambulizi ya kwenu, huku vifusi vikiendelea kufuka moshi, mlipitisha azimio la kuidhinisha matumizi ya nguvu za kijeshi. Kiini chake ni maneno 60 tu ya Kiingereza. Lilimruhusu rais kuwapiga mataifa, makundi au watu ambao yeye mwenyewe ataamua kuwa walipanga, walitekeleza au walisaidia mashambulizi ya 11 Septemba, au waliwahifadhi wahusika. Halikutaja nchi wala kundi, na halikuwekewa tarehe ya mwisho. Seneti ilipitisha kwa kura 98 bila hata moja ya kupinga. Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa 420 dhidi ya moja. Kura hiyo moja ilikuwa ya Mheshimiwa Barbara Lee wa California, ambaye alisimama na sauti ikimtetemeka akawasihi wenzake kwamba katika kuchukua hatua wasije wakageuka kuwa ule uovu wanaoulaani. Alitishiwa kuuawa, akalazimika kuwekewa walinzi. Alichosema ni kwamba nchi isijiingize katika vita visivyo na mwisho, visivyo na njia ya kutokea wala shabaha mahususi.

Tazameni yaliyofuata. Al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 lilikuwa halijaanzishwa, lilitangazwa na serikali ya Rais Obama mnamo Novemba 2016 kuwa mshirika wa Al Qaeda anayeguswa na idhini ya 2001. Hati iliyoandikwa kwa ajili ya waliobomoa majengo pacha ya New York ikawa kibali cha kupiga vijiji vya Galgaduud, mkoa wa katikati ya Somalia. Dola la Kiislamu, lililokuwa likipigana na Al Qaeda yenyewe huko Syria, nalo likaingizwa humohumo.

Tarehe 1 Aprili 2018, karibu na mji wa Ceel Buur katikati ya Somalia, droni yenu ilipiga gari. Kamandi yenu ya Afrika ilitangaza kwamba waliouawa ni magaidi watano na hakuna raia aliyeguswa. Mwaka mmoja baadaye kamandi hiyohiyo ikakiri kwamba raia wawili walikufa: mwanamke na mtoto. Walikuwa mama na bintiye mdogo, waliopewa lifti. Nyinyi wenyewe mmeidhinisha hadi dola milioni 3 kwa mwaka kwa ajili ya kufariji familia za raia wanaouawa na majeshi yenu kwa makosa. Wanahabari walipoifikia familia ile mwaka 2023, ilikuwa haijapokea hata senti. Sasa niambieni, Waheshimiwa, baba wa mtoto yule amlalamikie nani? Hawezi kwenda kwa mjumbe wa jimbo lake, maana hana jimbo kwenu. Akiwauliza nyinyi kura iliyoruhusu droni ile ilipigwa lini, mtamwonyesha tarehe ambayo binti yake alikuwa hajazaliwa, na azimio ambalo halitaji nchi yake.

Nakubali kwamba mara moja mmelijadili jambo la Somalia waziwazi. Mnamo Aprili 2023 Mheshimiwa Matt Gaetz alileta azimio la kuondoa wanajeshi wenu huko, na Baraza la Wawakilishi likalikataa kwa kura 321 dhidi ya 102. Lakini kukataa kuondoka si sawa na kuidhinisha vita. Anayetaka kupigana ndiye anayepaswa kuja kuomba, aeleze adui ni nani, lengo ni nini na mwisho ni upi. Mmegeuza utaratibu juu chini: rais anaanza, na anayepinga ndiye anayetafuta kura za kumzuia. Hata mkizipata, rais anaweza kutumia kura ya turufu, na hapo mnahitaji theluthi mbili za kila baraza. Hilo lilitokea mwaka 2019, mlipopitisha azimio la kuacha kuunga mkono vita vya Yemen na Rais Trump akalikataa. Likatokea tena mwaka 2020 kuhusu Iran. Kwa maneno mengine, mahali ambapo Katiba iliweka hitaji la wingi wa kawaida ili vita vianze, nyinyi mmeruhusu lihitajike theluthi mbili ili vita visimame.

Hata wanajeshi wenu wenyewe wamelipia uzembe huu. Oktoba 2017 wanne waliuawa karibu na kijiji cha Tongo Tongo, Niger, na baadaye mwezi uleule Seneta Lindsey Graham, mtu aliyebobea katika mambo ya kijeshi, alisema kwenye televisheni kwamba hakujua kuwa Niger mna wanajeshi elfu moja. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, wakamuua mwanajeshi mmoja na wakandarasi wawili Wamarekani. Nina hakika wapiga kura wengi wa majimbo yao walikuwa hawajui kwamba kuna Mmarekani anayepigana Kenya.

Najua jibu linalotolewa kila mara: dunia ya leo inakwenda mbio, rais hawezi kusubiri mjadala. Waliotunga Katiba yenu walilifikiria hilo. Walipokutana Philadelphia, tarehe 17 Agosti 1787, walibadilisha maneno ya rasimu ili rais aweze kuzuia shambulio la ghafla bila kuwangoja, lakini kuipeleka nchi vitani kukabaki kwenu. Na historia yenu inaonyesha kwamba mkitaka mnaweza kwenda haraka. Pearl Harbor ilishambuliwa 7 Desemba 1941. Siku iliyofuata mlikuwa mmekwisha kutangaza vita. Mwaka 2001 ziliwatosha siku tatu. Mbio zilizokuwepo Libya mwaka 2011 ni zipi, wakati Rais Obama, kabla ya kuipiga mabomu nchi hiyo, alipata muda wa kutosha kwenda kuomba idhini ya Umoja wa Mataifa lakini hakuja kwenu? Sheria yenu ya mwaka 1973, mliyoipitisha licha ya kura ya turufu ya Nixon, inampa rais siku 60 kusimamisha mapigano yasiyo na idhini yenu. Siku 60 za Libya zilipokwisha, wanasheria wa serikali walidai kwamba mabomu yale hayafikii kiwango cha uhasama kinachotajwa na sheria, kwa kuwa hakukuwa na askari wenu ardhini. Waliokuwa chini ya mabomu hayo wasingekubali hoja hiyo, na nyinyi hamkupaswa kuikubali. Silaha za maghala ya Gaddafi zilisambaa hadi Mali na kwingineko katika Sahel, na watu wa huko wanaendelea kuzikwa. Juni 2025 Rais Trump naye alipiga vituo vitatu vya nyuklia vya Iran bila idhini yenu, na siku chache baadaye Seneti ikakataa kwa kura 53 dhidi ya 47 azimio la kumtaka aje kwenu kwanza.

James Madison, aliyeshiriki sana kuandika Katiba hiyo, alimwandikia Jefferson mwaka 1798 kwamba historia ya serikali zote inaonyesha ni watawala watendaji wanaopenda vita kuliko wengine, na ndiyo maana jambo la vita likakabidhiwa Bunge kwa makusudi. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameandika kwamba kati ya maadui wote wa uhuru wa umma, vita ndivyo vya kuogopwa zaidi, kwa kuwa ndani yake mna mbegu za maadui wengine wote. Alitaja majeshi, madeni na kodi. Hiyo ndiyo hoja ninayoirudia kwenu katika barua hii: vita vya nje visivyo na kura na upekuzi wa ndani usio na kibali vinatoka shina moja. Mtawala akishazoea kwamba neno lake linatosha kumuua mtu Galgaduud, hatakubali kwamba neno lake halitoshi kusoma barua za mtu San Diego.

Na San Diego siitaji bure. Sheria mliyoiita ya kizalendo (Patriot Act), iliyopanua mamlaka ya upelelezi, ilitiwa saini 26 Oktoba 2001, siku 45 baada ya mashambulizi. Seneta Russ Feingold peke yake ndiye aliyeipinga katika Seneti. Kwa kutumia kifungu chake cha 215, Shirika la Usalama wa Taifa lilikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani: nani kampigia nani, saa ngapi, wameongea kwa muda gani. Nyinyi wenyewe mlidanganywa. Mnamo Machi 2013 Seneta Ron Wyden alimwuliza mkuu wa upelelezi, James Clapper, mbele ya kamati, iwapo shirika hilo linakusanya taarifa za aina yoyote za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu hapana, si kwa makusudi. Miezi mitatu baadaye Edward Snowden, aliyekuwa akilifanyia kazi shirika hilo kwa mkataba, alitoa nyaraka zilizoonyesha kwamba ndivyo lilivyokuwa likifanya. Aliyewaambia wananchi ukweli alifunguliwa mashtaka akaishia uhamishoni Urusi. Aliyelidanganya Bunge alistaafu kwa heshima zote.

Serikali ilipobanwa itaje hata kesi moja ambayo kumbukumbu hizo zilisaidia, ilimtaja dereva wa teksi wa San Diego, mzaliwa wa Somalia, aliyepatikana na hatia mwaka 2013 ya kuipelekea Al-Shabaab dola 8,500. Kati ya simu za taifa zima, matunda waliyoyaonyesha ndiyo hayo. Bodi yenu ya kusimamia faragha na uhuru wa raia ilipochunguza, ilisema Januari 2014 kwamba haikuona hata kesi moja ya tishio dhidi ya Marekani ambayo mpango ule ulileta tofauti ya maana katika matokeo ya uchunguzi. Na Septemba 2020 mahakama ya rufaa, ikisikiliza kesi ya dereva yuleyule, ikasema ukusanyaji ule ulikiuka sheria, ingawa haikuifuta hukumu yake. Julai 2013 mlipewa nafasi ya kuuzima mpango huo. Justin Amash, Mrepublican mwenye fikra za kilibertari, yaani za kutaka serikali isiingilie maisha ya watu, na John Conyers, Mdemokrati mkongwe wa Detroit, walileta pendekezo pamoja. Likashindwa kwa kura 217 dhidi ya 205. Mngegeuka watu saba tu, lingepita.

Sisi wa nje tuna shida yetu pia, ambayo haitajwi sana kwenu. Kifungu cha 702 cha sheria yenu ya upelelezi wa nje, mlichokipitisha mwaka 2008, kinaruhusu mashirika yenu kunasa mawasiliano ya mtu yeyote asiye Mmarekani aliye nje ya Marekani, bila hakimu kupitia jina lake, alimradi inadhaniwa ana taarifa za kijasusi za nje zenye faida kwenu. Haihitajiki ashukiwe kosa lolote. Mwanahabari wa Mombasa, wakili wa Arusha, mfanyabiashara wa Kampala anayeandikiana na mteja wake, wote wamo katika kundi linaloweza kulengwa. Idadi ya waliolengwa kwa mwaka imepita laki mbili na nusu. Natambua kwamba hamna deni la Katiba kwangu kama mlilonalo kwa watu wenu. Lakini nchi inayosema haki za binadamu zinatoka kwa Muumba, kama linavyosema Azimio lenu la Uhuru la 1776, haiwezi pia kusema kwamba zinaishia mpakani.

Na huyo mgeni akiwasiliana na Mmarekani, barua ya Mmarekani nayo inaingia kwenye ghala lilelile, na FBI wanaweza kulitafuta jina lake humo bila kwenda kwa hakimu. Hati za mahakama yenu ya siri inayosimamia upelelezi huo zilizofunguliwa Mei 2023 zilionyesha kwamba FBI walitafuta humo majina ya watu 133 waliokamatwa katika maandamano baada ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, na majina ya wachangiaji 19,000 wa mgombea mmoja wa Bunge. Wachangiaji wa mtu kama nyinyi. Hata baada ya hayo, tarehe 12 Aprili 2024, pendekezo la kuweka sharti la kibali cha hakimu lilipata kura 212 za kukubali na 212 za kukataa. Sare maana yake ni kushindwa, basi likaanguka, na kifungu kikaongezewa miaka miwili. Ninyi mliokuwemo ukumbini siku ile mnajua kila mmoja wenu angeweza kubadilisha matokeo peke yake. Siku tano baadaye mkapitisha kwa 219 dhidi ya 199 muswada wa kuizuia serikali kununua kwa wafanyabiashara wa data kile ambacho ingetakiwa kukiombea kibali, nao ukaenda kufia Seneti.

Guantánamo, gereza lenu la kijeshi lililoko Cuba, nayo imetugusa. Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa mwanzoni mwa mwaka 2007, akapelekwa huko mwaka uleule. Hakuwahi kufunguliwa shtaka. Alirudishwa Kenya Desemba 2024, zaidi ya miaka 17 baadaye. Mtoto aliyezaliwa siku aliyokamatwa alikuwa anakaribia umri wa kupiga kura. Linganisheni na Mtanzania mwingine wa kesi ya balozi, aliyekuwa Guantánamo kisha akahamishiwa New York mwaka 2009: alishtakiwa, akajitetea, juri likamwondolea mashtaka karibu yote, likamtia hatiani kwa moja, na Januari 2011 akahukumiwa maisha. Waliokuwa wakisema mahakama za kawaida haziwezi kazi hiyo walikasirika kwa yale mashtaka aliyoshinda. Mimi ndiyo yananifanya niiamini ile hukumu. Bahati mbaya nyinyi mkapitisha vifungu vya kuzuia wafungwa wengine wasiletwe Marekani kushtakiwa, na njia iliyofanya kazi mkaifunga kwa mikono yenu.

Serikali za huku ziliwatazama, zikajifunza. Tanzania ilipitisha sheria yake ya kuzuia ugaidi mwaka 2002, Kenya mwaka 2012, na kila mwanaharakati wa haki hapa anajua jinsi neno ugaidi linavyoweza kutanuka likamfikia mtu mwenye bango. Tukilalamika, tunaambiwa hata Marekani inafanya. Hamna jibu la kutusaidia nalo.

Walibertari wa kwenu, wale wanaoamini kwamba serikali haina haki ya kumgusa mtu ambaye hajamdhuru mwenzake, sikubaliani nao katika mengi. Mimi naamini shule na hospitali za umma. Lakini katika hili wamekuwa wakweli kuliko vyama vyenu vyote viwili. Ron Paul alikuwa mmoja wa Warepublican watatu tu wa Baraza la Wawakilishi waliopinga sheria ya kizalendo ya 2001, na mmoja wa sita waliopinga vita vya Iraq mwaka 2002, rais akiwa wa chama chake. Mwanawe Rand Paul alizungumza karibu saa 13 mfululizo katika Seneti mnamo Machi 2013 akitaka serikali iseme iwapo rais anaweza kumuua kwa droni Mmarekani asiye vitani, akiwa ndani ya ardhi ya Marekani. Seneta Mike Lee wa mrengo wa kulia na Seneta Bernie Sanders wa mrengo wa kushoto walisimama pamoja juu ya Yemen. Wengine wengi mmekuwa mkipinga vita vya rais wa chama kingine na kunyamazia vya wa kwenu. Wademokrati waliomlaumu Bush walikaa kimya kuhusu Libya. Warepublican waliomlaumu Obama kuhusu Libya walikaa kimya kuhusu Iran.

Fedha nitaigusa kidogo tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walikadiria kwamba vita vya Afghanistan viliwagharimu takribani dola trilioni 2.3. Mlivipigana kwa mkopo, na mkapunguza kodi mwaka 2003 wakati askari wako mstari wa mbele. Mwananchi ambaye hakuombwa kura wala kodi hakuwa na sababu ya kuuliza vita vinaisha lini. Wizara yenu ya Ulinzi imekaguliwa hesabu zake kikamilifu tangu mwaka 2018, na kila mwaka imeshindwa kupata hati safi. Vita hivyo vilimalizikia Kabul, tarehe 29 Agosti 2021, kwa kombora lililoua watu kumi wa familia moja, saba wakiwa watoto. Mkuu wa majeshi aliliita la haki kabla ukweli haujajulikana. Hakuna aliyeadhibiwa. Mwezi mmoja kabla, Daniel Hale, aliyetoa nyaraka kuhusu jinsi droni zinavyoua wasiolengwa, alikuwa amehukumiwa miezi 45 gerezani.

Seneti ilionyesha Machi 2023 kwamba inaweza kuamka, ilipopiga kura 66 dhidi ya 30 kuzifuta idhini za zamani za vita vya Iraq. Ile ya 2001 ndiyo inayoua mpaka sasa. Ifuteni, mpeni rais miezi sita kufunga shughuli zote anazoziendesha kwa jina lake. Akitaka kuendelea kupigana Somalia, aje aombe Somalia. Kama hoja zake ni nzuri, mpeni, huenda hata mimi nikamwelewa, maana wa Garissa nawakumbuka. Lakini azimio hilo litaje adui, litaje nchi, liishe lenyewe baada ya miaka miwili, na kura ipigwe kwa majina. Msiruhusu kifungu cha 702 kiongezwe tena bila sharti la hakimu, na muweke humo kwamba mgeni naye halengwi isipokuwa kwa tishio linaloweza kuelezwa mbele ya mahakama. Wafungwa wa Guantánamo wasio na mashtaka washtakiwe au waachiwe.

Na familia ya Ceel Buur ilipwe. Fedha zipo, sheria ipo, na kamandi ilikwisha kukiri tangu 2019. Hilo halihitaji mjadala wa Katiba. Linahitaji mmoja wenu aandike barua kwa Waziri wa Ulinzi amwulize kwa nini halijafanyika, kisha aitangaze barua hiyo na jibu lake.

Wasalaam,
Mwananchi wa Afrika Mashariki